Chungu Kisicho na Chumvi

Mwaka ule falaji ilipokonda
hata sauti yake ikawa ya mtu anayezuia kikohozi msibani,
mavyaa wangu, Bi Thuraya, alinitazama mikono, hakunitazama uso.
“Wewe ndiye bibi arusi wa mwisho kuingia mji huu.
Chungu ni chako.”

Miezi mitano tu nilikuwa nayo nyuma ya Ibra,
mtoto wa Wete, Kiarabu changu cha kuombea maji na kuomba radhi,
na maji yenyewe hayakuwepo.
Ndimu zilidondoka changa, ngumu kama gololi.
Watu waliuziana athari moja ya maji, nusu saa,
kwa bei ya mbuzi,
na Hamdan mgawa maji, aliyepima zamu kwa nyota,
alipigwa kofi na mpwawe mwenyewe
kwa kosa la Kilimia kuchelewa kuchomoza mlimani.
Kwao nyota hiyo jina lake ni la mavyaa wangu.

Masharti alinipa usiku, mlango umefungwa:
bokoboko la ngano mpya na nyama ya beberu mweusi,
upike peke yako, usionje.
Usitie chumvi. Wenyewe hawaili; chumvi huwafukuza,
na wakifukuzwa huondoka na njia ya maji,
maana ni wao walioichimba, kwa amri ya Nabii Suleiman,
siku kumi, vidole vitupu.
Ukatue mdomoni mwa kisima mama kabla ya alfajiri.
Rudi, usigeuke. Usiitike hata ukiitwa jina lako
kwa sauti ya mama yako.
Imamu wa msikiti alilisikia hilo, akasafisha koo, akageuza uso.
Shamba lake nalo lilikunywa mfereji huo huo.

Nikapika.
Mkono una akili zake.
Huu wangu ulifunzwa jikoni Wete, na mama aliyekuwa akisema
chakula bila chumvi ni harusi isiyo bwana.

Nilikuwa nusu ya njia, chungu kichwani, mawe yakinitafuna visigino,
bokoboko likamwagika kidogo, nikalamba kidole.
Chumvi.

Nilisimama. Upande wa mashariki ulikuwa unapauka.
Kurudi ni kugeuka.
Nikaenda, nikatua, nikasema bismillahi kimoyomoyo
(nayo imekatazwa, nilikuja kujua baadaye),
nikashuka shingo imekauka kama mti wa mwiko.

Siku ya nane maji yalirudi.
Mvua ilikuwa imepiga milimani, walisema wachunga mbuzi;
kijiji hakikusema mvua. Kilisema mkono.
Wanawake walinibusu utosi, Bi Thuraya akanivika bangili zake mbili.
Nikanyamaza.
Ilipotimia miezi minne mimba yangu ikatoka.
Daktari wa Ibra alisema mambo ya damu, akanichorea kwa kalamu.
Nikaitikia. Moyoni nilisema: kidole.

Miaka thelathini na minane. Falaji imetiwa saruji,
zamu zinapimwa kwa simu, mavyaa sasa ni mimi.
Kiangazi hiki kile kikohozi kimerudi.
Asila, mke wa mwanangu, anafanya kazi benki Maskati,
amekuja na kucha za rangi ya komamanga, anakoroga, anacheka kidogo:
“Na nikijisahau, mama, nikatia?”

Ningeweza kumwambia.
Maji yalirudi, ningesema.
Lakini yule mwingine hakurudi,
na sijui mpaka leo nani alilipia nini.

Nikainuka, nikachukua kopo la chumvi rafuni,
nikalipakata mpaka alfajiri,
mikono yote miwili juu ya kifuniko.